Tamthilia tatu za Kikorea za mapenzi na afya ya akili: uanze na ipi?

Ukiwaomba watu wakutajie tamthilia ya Kikorea ya mapenzi inayogusa afya ya akili, majina matatu hayakosi: It's Okay, That's Love ya 2014, It's Okay to Not Be Okay ya 2020, na Daily Dose of Sunshine ya 2023. Mawili ya kwanza yanafanana kiasi kwamba watu huyachanganya, na zote tatu zina hospitali, machozi, na mtu anayempenda mwenzake akiwa katika hali mbaya kabisa ya maisha yake. Hapo ndipo mtu anapokwama. Anachukua moja bila kuuliza, anaikuta nzito kuliko alivyotarajia, anaiacha njiani na kusema tamthilia za aina hii hazimfai. Mara nyingi zinamfaa sana. Alianza tu na isiyo yake.

Nitaziita kwa miaka yake ili tusipotezane. Siri kubwa za hadithi sitazitoboa, ila matukio yanayoweza kumuumiza mtazamaji nitayataja, kwa sababu mtu ana haki ya kujua anachoingia.

Vigezo

Nimetumia vinne. Cha kwanza ni ugonjwa: unaonyeshwa kwa ukweli, au umewekwa pale kama pambo la hadithi? Cha pili ni mapenzi: yana nafasi gani, na tamthilia inaamini mapenzi yanaweza kumfanyia nini mgonjwa? Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, kwa sababu mtu anayeuguza mpenzi, mume au mke atabeba jibu hilo hadi nyumbani kwake. Cha tatu ni uzito wa matukio. Cha nne ni mwendo na urefu.

Kabla hatujaingia ndani, kidogo kuhusu Korea Kusini yenyewe. Kwa miaka mingi nchi hiyo imeongoza nchi wanachama wa OECD, umoja wa nchi nyingi tajiri, kwa kiwango cha watu kujiua. Mtoto anakimbizana na mtihani wa kuingia chuo kikuu, kijana anakimbizana na ajira ya kampuni kubwa au mtihani wa utumishi wa umma, na aliyekwisha kupata kazi anakesha ofisini. Kumwona daktari wa magonjwa ya akili bado ni jambo ambalo wengi hulificha, kwa hofu ya kazi, ya ndoa, ya jina la ukoo. Mtanzania hahitaji kuelezwa sana hapo: Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, ni jina ambalo watu hutupiana kama tusi, na Wakenya wamelifanya hivyohivyo jina la Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi. Tamthilia hizi zinapambana na aibu ya namna hiyo, ndiyo maana zinasema mambo kwa uwazi unaoshtua kidogo.

It's Okay, That's Love (2014)

Jang Jae-yeol, anayechezwa na Jo In-sung, ni mwandishi maarufu wa riwaya za upelelezi na mtangazaji wa redio. Ji Hae-soo, anayechezwa na Gong Hyo-jin, ni daktari wa magonjwa ya akili. Wanakutana kwenye mjadala wa televisheni, wanakwaruzana hadharani, na si muda mrefu wanajikuta wanaishi nyumba moja, pamoja na daktari mwingine wa akili, Jo Dong-min, na kijana Park Soo-kwang mwenye ugonjwa wa Tourette, ule unaomfanya mtu arushe viungo na kutoa sauti bila hiari yake. Aliyeiandika ni Noh Hee-kyung, na ilirushwa na kituo cha SBS.

*Ugonjwa.* Ubora wake wa kwanza ni kwamba inafuta mpaka kati ya tabibu na mgonjwa. Hae-soo anatibu watu kutwa, lakini mwanaume akimkaribia anajaa hofu, jambo lililoanza siku alipomwona mama yake na mwanaume asiye baba yake. Jae-yeol ana pesa, ana sura, ana mashabiki, na hawezi kulala kitandani. Usingizi wake ni wa bafuni. Sababu ya kulala bafuni, utakapoielewa, inauma sana.

Episodi ya nne inaisha kwa tukio linalogeuza kila ulichokwisha kukiona. Sitalisema, na nakusihi usisome maelezo yake popote kabla hujafika. Tangu hapo hadithi inaingia kwenye ugonjwa mzito wa kuona na kusikia visivyokuwepo, nayo haikimbii hatua hata moja: dalili ambazo ndugu hawakuziona, mgonjwa kukataa, kulazwa, dawa, na madhara ya dawa. Mgonjwa anahisi mwili na akili vimekuwa vizito, anadai dawa zimemwibia uwezo wa kufanya kazi yake, anataka kuziacha. Kati ya hizi tatu, hakuna inayosema ukweli kuhusu dawa kwa kiwango hiki.

Kuna jambo moja la kisheria litakalokusaidia kuelewa sehemu za hospitali. Wakati inatengenezwa, sheria ya Korea iliruhusu mtu alazwe hospitali ya akili bila ridhaa yake kwa kibali cha walezi wawili wa familia na uamuzi wa daktari mmoja wa magonjwa ya akili. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilisema kifungu hicho hakiendani na katiba, na sheria mpya yenye masharti makali zaidi ikaanza kutumika Mei 2017. Kwa hiyo ukiona uzito unaopewa saini ya ndugu, elewa kwamba nguvu ya saini ile ilikuwa halisi.

*Mapenzi.* Ni ya watu wazima. Wanabishana, wanataniana, wanazungumzia miili yao bila kuzungukazunguka, na Gong Hyo-jin anacheza mwanamke asiyejifanya mnyonge ili apendwe. Katika nyumba hiyo kuna picha ya ngamia. Maelezo yake ni haya: wafugaji wa jangwani humfunga ngamia kwenye mti usiku, asubuhi humfungua, lakini ngamia haondoki, kwa sababu anakumbuka alifungwa. Wapenzi hawa wawili ni ngamia wale, na mapenzi yao ni kazi ya kukubali kwamba kamba imeshafunguliwa. Lakini ugonjwa mzito unapoingia, tamthilia inaweka mpaka ulio wazi: mpenzi akae kando ya kitanda, ashike mkono, alie, asijigeuze dawa. Msimamo huu ni wa kijasiri kwa hadithi ya mapenzi, na ninauheshimu kuliko jambo lingine lolote katika tamthilia zote tatu.

*Uzito.* Kuna ukatili wa baba wa kambo kwa watoto, unarudiwarudiwa katika kumbukumbu. Kuna damu, na kuna mtu kujidhuru. Aliyekulia kwenye nyumba ya kipigo ajiandae.

*Mwendo.* Episodi 16, kila moja kama saa moja. Tatu za kwanza ni vichekesho na ugomvi wa wapangaji, na wengi huiacha hapo wakidhani ndiyo yote. Vumilia hadi ya nne. Picha na mavazi ni ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, na hilo litawasumbua baadhi ya watu. Kasoro yake kubwa kwangu ni madaktari kuishi na kunywa pombe na watu haohao wanaohitaji msaada wao. Katika kazi halisi hilo lina hatari zake, na tamthilia inalipita kama la kawaida.

It's Okay to Not Be Okay (2020)

Moon Gang-tae, anayechezwa na Kim Soo-hyun, ni mhudumu katika hospitali ya akili. Maisha yake yote ni kumlea kaka yake, Moon Sang-tae, ambaye ana usonji. Sang-tae aliona mama yao akiuawa, na tangu siku hiyo anaogopa vipepeo. Kila msimu wa vipepeo ukifika, ndugu hawa wawili wanahama mji. Katika maisha hayo anaingia Ko Moon-young, mwandishi wa hadithi za watoto asiyejua huruma ni kitu gani, anayechezwa na Seo Yea-ji. Katika episodi ya kwanza Moon-young anainua kisu dhidi ya mgonjwa aliyemshambulia, na Gang-tae anaudaka ubapa wa kisu kwa kiganja kitupu. Damu inachuruzika, wao wanatazamana. Ukiweza kuipokea picha hiyo kama mwanzo wa mapenzi, umeshajua kama tamthilia hii ni yako.

*Ugonjwa.* Usonji si ugonjwa wa akili, na tamthilia inalijua hilo: Sang-tae hatibiwi usonji wake, anatibiwa woga wake. Mkurugenzi wa hospitali anampa kazi ya kuchora ukuta, na Sang-tae anachora maua bila kipepeo hata mmoja. Mzee yule anasubiri. Hamlazimishi, hamdanganyi, anamrudisha ukutani taratibu, episodi baada ya episodi. Oh Jung-se, aliyecheza nafasi hiyo, alipata tuzo ya Baeksang, mojawapo ya tuzo kubwa za uigizaji Korea, ya mwigizaji bora msaidizi mwaka 2021, na aliistahili.

Lakini mtu ambaye tamthilia hii inamtibu hasa ni anayeuguza. Gang-tae anakumbuka mama yake akimwambia alimzaa ili amwangalie kaka yake. Ametabasamu maisha yake yote juu ya neno hilo. Kama umewahi kuwa mtoto aliyeachiwa mdogo au mkubwa asiyejiweza, utakuta episodi fulani zinakusema wewe kwa jina. Pia kuna mbinu moja utakayoiona: unapishanisha mikono kifuani na kujipigapiga mabega, kushoto, kulia, polepole, hadi pumzi itulie. Si ya kubuni. Inatumiwa na watoa tiba ya kiwewe, na ilianzia Mexico kwa manusura wa kimbunga Pauline mwishoni mwa miaka ya 1990.

Kwa wagonjwa wengine, kila episodi huleta mmoja: yumo kijana mwenye wazimu wa furaha iliyopitiliza, mtoto wa mwanasiasa, anayetoroka hospitali na kupanda jukwaani kwenye kampeni ya baba yake. Hawa wameguswa kwa upendo ila kwa haraka. Na kuhusu Moon-young lazima niseme wazi: hali aliyopewa ya kutohisi huruma inalainika mbele ya mapenzi kirahisi mno. Daktari wa kweli angetikisa kichwa.

*Mapenzi.* Hapa ndiyo chakula chenyewe. Mavazi, ngome msituni, hadithi za kutisha za watoto zinazosimuliwa kwa michoro, na wapenzi wawili ambao kila mmoja ni jeraha la mwenzake. Imani yake ni kwamba kupendwa kunaponya, ila inaongeza jambo linaloiokoa: wanaopona ni watatu, si wawili. Kaka hatupwi pembeni ili wapenzi wapate nafasi. Anagombana nao, anaona wivu, anapewa kiti chake kama mtu wa familia. Tahadhari moja: katika episodi za mwanzo Moon-young anamvamia Gang-tae kwa maneno na mikono kwa namna ambayo watazamaji wa Korea walilalamika, na walikuwa na haki. Jinsia zingebadilishana, hakuna ambaye angeiita mapenzi.

*Uzito.* Mauaji, mama mkatili, ndoto za usiku zinazomkaba mtu koo, na fumbo la muuaji ambalo mwishoni linavutwa kuliko linavyohitaji.

*Mwendo.* Episodi 16, kila moja zaidi ya saa moja. Ilirushwa na kituo cha tvN na iko Netflix. Inakushika tangu dakika ya kwanza.

Daily Dose of Sunshine (2023)

Jung Da-eun, anayechezwa na Park Bo-young, ni nesi aliyehamishwa kutoka wodi ya kawaida kwenda wodi ya wagonjwa wa akili. Sababu ya kuhamishwa: anawajali wagonjwa mno, anakaa nao muda mrefu, wenzake wanabaki na mzigo. Tamthilia imetokana na katuni ya mtandaoni ya Lee Ra-ha, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa muuguzi wa wodi ya namna hiyo, na unaihisi kazi yake katika kila kona.

*Ugonjwa.* Siku yake ya kwanza Da-eun anaelezwa kwa nini asubuhi hufika mapema katika wodi hii: madirisha hayana mapazia. Pazia linaweza kumdhuru mgonjwa, kwa hiyo halipo, na jua linaingia lote. Hivyo ndivyo tamthilia nzima inavyofanya kazi. Inachukua kitu kidogo cha kiuuguzi na kukionyesha kwa karibu hadi kinakuwa na maana.

Nguvu yake nyingine ni kukuingiza ndani ya kichwa cha mgonjwa. Song Yu-chan, rafiki wa Da-eun, aliacha kazi ya kampuni kubwa kwa sababu ya mashambulio ya hofu. Shambulio likija, hawaonyeshi mtu anayehema tu: maji yanapanda miguuni, kiunoni, shingoni, yanamfunika, na watu waliomzunguka wamesimama pakavu hawajui lolote. Aliyewahi kupata hali hiyo hana cha kuongeza. Kuna mfanyakazi aliyevunjwa na manyanyaso ya bosi, kuna mama anayefanya kazi na kulea hadi kumbukumbu zinaanza kumponyoka, kuna mtahiniwa aliyekimbilia ndani ya mchezo wa kompyuta na kuhamia huko. Kuna hata mhudumu wa wodi anayelazimika kukubali kwamba sasa mgonjwa ni yeye, na sonona yake, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inaonyeshwa kwa subira ambayo sijaiona mara nyingi: kulala, kutokula, kutojibu simu, na kukataa hadi mwisho kwamba ni ugonjwa. Haishii mlangoni mwa hospitali pia. Muuguzi mkuu ana mdogo wake mwenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa kuona na kusikia visivyokuwepo, na majirani wanamkataa.

*Mapenzi.* Yapo, lakini yamekaa pembeni. Daktari Dong Go-yun, wa kitengo kingine na mwenye tabia zake za kujirudiarudia, anampenda Da-eun. Yu-chan naye ana yake moyoni. Kuna jozi nyingine pale wodini. Ni mapenzi ya upole, yenye kuchekesha kidogo. Tamthilia haiamini kwamba mpenzi ataponya mtu. Inaamini wodi, dawa, zamu za usiku na watu wanaorudi kesho yake asubuhi. Aliyekuja kwa ajili ya busu la mvuani atasikia njaa.

*Uzito.* Kuna kifo cha kujiua, na kuna watu waliobaki wakijilaumu. Kimeshughulikiwa kwa heshima, lakini kinapiga kwelikweli kwa sababu aliyekufa umeshampenda. Nalitaja waziwazi kwa makusudi.

*Mwendo.* Episodi 12, zote Netflix. Nyingi zinabeba kisa cha mgonjwa mmoja au wawili, hivyo unaweza kutazama moja usiku huu na nyingine wiki ijayo bila kupotea. Udhaifu wake ni kwamba wodi ile ina wahudumu wenye muda na moyo kuliko wodi nyingi utakazozijua.

Uchague kwa hali yako

Kama unataka mapenzi kwanza, na ugonjwa uje kama kina cha hadithi, chukua ya 2020. Kwa mtu ambaye hajawahi kabisa kutazama tamthilia ya Kikorea, ni mlango mzuri pia, kwa jinsi inavyopendeza macho.

Kama unamlea ndugu asiyejiweza, iwe ni usonji au maradhi ya muda mrefu, ni hiyohiyo ya 2020, kwa sababu tofauti kabisa. Tazama na yule ndugu mwingine mnayesaidiana naye, kama yupo. Kuna mazungumzo ambayo hamjawahi kuyafanya na tamthilia itayaanzisha.

Kama mpenzi wako, mume au mke ameambiwa ana ugonjwa mzito wa akili na hujui wewe usimame wapi, ya 2014. Inasema bayana ni lipi lililo lako na lipi ni la daktari. Mtu anayesitasita kutumia dawa naye angenufaika, mradi asisukumwe. Mwachie aione mwenyewe.

Kama wewe ni nesi, mwalimu, mshauri nasaha au mtu yeyote ambaye kazi yake ni kubeba shida za wengine, ya 2023. Vivyo hivyo kwa aliyechoshwa na ofisi hadi Jumapili jioni anaumwa tumbo. Na ukitaka kumweleza mzazi kwamba sonona si uvivu wala si imani haba, episodi zake mbili tatu zitafanya kazi ambayo maelezo yako hayajaifanya. Maandishi ya chini ya Kiingereza yanaweza kumsumbua mzee. Kaa naye umtafsirie.

Kama una watoto wadogo sebuleni, hakuna kati ya hizi inayowafaa. Michoro ya hadithi za watoto katika ya 2020 isikudanganye.

Kama hivi karibuni umempoteza mtu kwa kujiua, au mawazo hayo yanakujia mwenyewe, iweke ya 2023 kando kwa sasa, na ya 2014 usiitazame peke yako usiku. Mweleze mtu unayemwamini, na mfike hospitali inayotoa huduma ya afya ya akili. Muhimbili ina idara hiyo, Mirembe na Mathari zipo kwa kazi hiyohiyo. Tamthilia zitasubiri.

Na kama una muda wa zote tatu, mpangilio ninaoupendekeza ni 2020, kisha 2014, kisha 2023. Utaanza pale mapenzi yanapoahidiwa kila kitu, utapita pale yanapowekewa mpaka, na utafika wodini ukiwa tayari kuwasikiliza wagonjwa wenyewe.